Umelipa au umelipwa? Kiswahili cha kujaribu mwonekano wa tovuti kwenye simu

Mkulima wa kahawa wa Kibosho au Machame akifungua simu na kukuta ujumbe uliokatwa na ukingo wa skrini, "Umelip…", hana njia ya kujua kilichotokea. Huenda amelipwa fedha za kahawa aliyoipeleka kwenye chama cha msingi. Huenda yeye ndiye aliyelipa. Huenda amelipia mbolea, au amelipiwa mbolea hiyo na mtoto wake aliye Dar es Salaam. Maneno "umelipa", "umelipwa", "umelipia" na "umelipiwa" yanafanana katika herufi zote sita za mwanzo. Tofauti yao, ambayo ndiyo tofauti ya fedha kuingia na fedha kutoka, imo katika herufi moja, mbili au tatu za mwisho.

Tovuti iliyojaribiwa kwa Kiingereza peke yake haiwezi kuifichua kasoro hiyo. Kiingereza huonyesha tofauti ya kulipa na kulipwa kwa neno fupi linalosimama peke yake kabla ya kitenzi, hivyo mkato wa mwishoni hauigusi. Kitenzi cha Kiswahili hujengwa kwa namna nyingine: kwanza huja nafsi, kisha njeo, kisha mtendwa ikiwa yupo, halafu mzizi, na mwishoni kabisa viambishi vya mnyambuliko vinavyotueleza nani alitenda, nani alitendewa, na kwa ajili ya nani. Mashine inayokata maneno upande wa kulia hukata hasa mahali ambapo Kiswahili huweka maana. Kwa hiyo anayejitolea kujaribu mwonekano mpya wa tovuti kwenye simu hana budi kuujaribu kwa Kiswahili halisi, chenye vitenzi virefu vilivyonyambuliwa, na kisha kueleza alichokiona kwa maneno yasiyoyumba. Makala haya yanahusu mambo hayo mawili: nini cha kutazama, na kiitweje.

Tumechukua mifano yetu Moshi na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na si kwa ajili ya mandhari. Moshi ni mji wa wanafunzi na walimu, wenye Chuo Kikuu cha Ushirika, na kila siku hupokea watu wanaoteremka kutoka vihambani. Simu zinazotumika huko ni za kila aina, zikiwemo za zamani zenye skrini nyembamba. Mtu akipanda gari Moshi mjini kwenda Marangu kupitia Himo, hupita katika jua kali la tambarare, huingia katika kivuli cha migomba, na njiani mtandao huweza kupungua nguvu au kukatika. Zaidi ya hayo, majina ya mahali ya huko yana kila kitu kinachoisumbua mashine isiyokijua Kiswahili, kama tutakavyoona.

Kujitolea, kujitoa, na msaragambo

Tuanze na watu. Kitenzi "jitolea" kimetokana na "toa", kikapata kauli ya kutendea na kiambishi "ji-": kutoa nafsi yako kwa ajili ya jambo. Kiambishi cha kutendea kikiachwa, tunabaki na "jitoa", ambalo katika matumizi ya kawaida humaanisha kuondoka katika jambo ulilokuwamo. "Wanafunzi 12 wamejitolea" na "wanafunzi 12 wamejitoa" ni habari mbili zinazopingana, na skrini nyembamba inayoandika "Wamejito…" haitusaidii kujua ni ipi.

Kwa jina la mtendaji, Kiswahili sanifu hutumia "mtu wa kujitolea" au "anayejitolea". Kaskazini-mashariki mwa Tanzania, hasa Upare na maeneo ya jirani, lipo pia neno "msaragambo", yaani kazi ya pamoja ya kujitolea ya kijiji, kama kuchimba barabara, kujenga shule au kuzibua mfereji. Mifongo ya Wachagga, ile mifereji inayoteremsha maji ya mlima hadi vihambani, imetunzwa kwa utaratibu wa namna hiyo: wanaotumia maji hutoka pamoja kuusafisha. Mfasiri anayetafuta neno la kazi ambayo watu wengi huifanya kidogokidogo kwa faida ya wote asilipuuze msaragambo. Lina maana mahususi kuliko "kujitolea", kwa sababu mtu mmoja anaweza kujitolea, lakini hawezi kufanya msaragambo peke yake.

Kazi ya namna hii si ngeni katika Kiswahili cha kompyuta. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na maneno ya vitufe na menyu zake hutafsiriwa na watu wasiolipwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa programu ya ofisi yenye vitufe vya Kiswahili, Jambo OpenOffice. Wakati huo maswali yaliyowashughulisha watu yalikuwa ya istilahi: hili liitwe nini? Siku hizi istilahi nyingi zipo, na swali limehamia kwingine: je, neno hilo linaenea katika nafasi liliyopewa?

Majaribio, si majaribu

Kosa linalojitokeza mara nyingi katika matangazo ya kuwaita watu kwenye kazi hii ni kuchanganya "majaribu" na "majaribio". "Jaribio", wingi "majaribio", ni tendo la kupima kitu ili kujua kinafanyaje kazi. "Jaribu", wingi "majaribu", ni msukosuko au kishawishi. Tovuti iliyo katika majaribio ni mpya, na inachunguzwa. Tovuti iliyo katika majaribu inahitaji kuombewa. Toleo linalotolewa kwa wachache kabla ya kukamilika huitwa "toleo la majaribio", na jina hilo limekubalika.

Ugumu unabaki kwenye jina la mtu. Kisarufi, anayejaribu ni "mjaribu". Lakini katika Biblia ya Kiswahili, Mjaribu ni Shetani, na katika mkoa wenye waumini wengi wa Kilutheri na Kikatoliki kama Kilimanjaro, kumwalika mwalimu mstaafu awe "mjaribu wa kujitolea" ni kumtia katika kicheko au katika mashaka. Tunapendekeza "mkaguzi wa kujitolea", au kwa kirefu "anayejitolea kujaribu".

Vitenzi vinavyokaribiana na "jaribu" havilingani. "Kupima" hudai kipimo: unapima upana wa kitufe au muda wa ukurasa kufunguka. "Kukagua" ni kupita kipengele kimoja baada ya kingine ukitazama kama kila kitu kipo mahali pake, kama mkaguzi wa shule anavyopita madarasani. "Kuhakiki" ni kuthibitisha kwamba jambo lililodaiwa ni kweli, na ndicho kitenzi cha hatua ya mwisho: msanifu akisema kasoro imeondolewa, mkaguzi hurudi kuhakiki. Wanafunzi wa fasihi wanalijua neno hilo kwa maana nyingine, ya kutathmini kazi ya sanaa, na maana hizo mbili hukaa pamoja bila ugomvi.

Kasoro, hitilafu, dosari. Na mdudu aachwe

Kiingereza humwita mdudu kile kinachoharibu kazi ya programu. Neno hilo lilikuwa likitumiwa na mafundi tangu karne ya 19. Nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1947 na kubandikwa kwenye daftari la kazi alilitia nguvu tu. Baadhi ya wafasiri wameandika "mdudu" moja kwa moja. Hatushauri hivyo. "Mdudu" katika Kiswahili tayari ana kazi nyingi: ni kiumbe, ni uvimbe wenye usaha kidoleni, na kwenye meza za nyama choma za Moshi na Arusha ni jina la utani la nyama ya nguruwe. Taarifa inayosema "tumekuta wadudu watatu kwenye ukurasa wa kwanza" haitafsiri chochote.

Maneno tunayoyahitaji tunayo. "Kasoro" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni upungufu: kitu hakikutimia. Ndiyo hiyo iliyojificha ndani ya "kasorobo", yaani kasoro robo. Saa mbili kasorobo ni saa mbili iliyopungukiwa na robo. Neno hili linafaa kwa kila kilichopungua au kukaa vibaya katika mwonekano: neno lililokatwa, safu iliyotoweka, kitufe kilichofunikwa. "Hitilafu" hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutofautiana. Katika Kiswahili cha leo hutumika kitu kinapoacha kufanya kazi kama ilivyotarajiwa, kama katika hitilafu ya umeme. Basi kitufe kilichopinda kina kasoro. Kitufe kisichoitikia kina hitilafu. "Dosari" ni doa, jambo linalopunguza uzuri bila kuzuia matumizi, kwa mfano rangi ya maandishi iliyofifia kidogo. Ikififia hadi mtu ashindwe kuisoma juani, haiitwi tena dosari. "Kosa" tuliache kwa matendo ya binadamu, ikiwemo tahajia.

Tofauti hizi zina faida ya vitendo. Mwenye kurekebisha tovuti akipokea taarifa 40, hulazimika kujua aanze na ipi, na neno lililochaguliwa vizuri humwambia.

Kata ya Ng'ambo

Manispaa ya Moshi ina kata iitwayo Ng'ambo. Jina hilo fupi ni jaribio bora kuliko kurasa kumi za maandishi ya kubuni, na tunamshauri kila mkaguzi aliandike katika kila kisanduku atakachokutana nacho.

Katika tahajia sanifu, "ng'" ni sauti moja, ile ya "ng'ombe", na "ng" ni nyingine, ile ya "ngoma". Ritifaa si pambo. "Ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake. "Ngoa" ni tamaa au wivu. "Ng'ara" ni kutoa mwanga. Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Lakini kwa mashine, alama hiyo ndogo ni ile ile inayotumika kufungia nukuu katika lugha za programu, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

La kwanza ni jina kuonekana kama "Ng&#39;ambo". Programu, kwa kujihadhari, imeigeuza ritifaa kuwa msimbo, na ikasahau kuurudisha msimbo huo kuwa ritifaa kabla ya kuonyesha. Wakati mwingine hutokea "Ng\'ambo", kwa sababu inayofanana na hiyo. La pili ni "Ng'Ambo". Programu iliyoagizwa kuanza kila neno kwa herufi kubwa imedhani kwamba baada ya ritifaa neno jipya limeanza, na ikaikuza herufi ya tatu. La tatu ni baya zaidi kwa kamusi, maana halionekani: mtu anaandika "ng'oa" katika kisanduku cha kutafutia na kuambiwa neno hilo halipo, ilhali lipo. Ritifaa iliyonyooka na ritifaa iliyopinda ni alama mbili tofauti katika mfumo wa Unikodi. Vibao vingi vya simu hutoa iliyonyooka, na waandishi wengi wa kompyuta huhifadhi iliyopinda kwa sababu programu ya kuandikia huibadilisha bila kuwauliza. Wapo pia wanaoandika kwa alama ya mkazo inayofanana nayo kwa macho. Tovuti nzuri huzihesabu alama zote hizo kuwa kitu kimoja wakati wa kutafuta. Mkaguzi aziandike moja baada ya nyingine, aone kama jibu halibadiliki.

Ipo tiba moja ambayo wasanifu huipenda kwa wepesi wake: kuifuta ritifaa kabla ya kutafuta, ili "ng'oa" na "ngoa" zilete orodha moja. Kwa mtumiaji aliyeshindwa kuipata alama hiyo kwenye kibao chake, ni msaada. Kwa kamusi, tiba hiyo inakubalika kwa sharti moja: orodha ionyeshe maneno yote mawili, kila moja na tahajia yake, na lile lililoandikwa sawasawa na mtafutaji litangulie.

Kilima-njaro, si Kiliman-jaro

Mstari ukijaa, neno huhamia mstari unaofuata au hukatwa. Kwenye skrini ya kompyuta jambo hili si zito. Kwenye simu, ambako mstari wa maandishi ya ukubwa wa kawaida huchukua kama herufi 35 hadi 40, na kitufe kimoja kati ya viwili vilivyokaa sambamba huchukua 12 hadi 15, kukata ni jambo la kila mstari.

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na konsonanti ambatani huenda pamoja na irabu inayozifuata. Ndiyo maana tunasema nyu-mba, wala si nyum-ba; Ro-mbo, Ma-ra-ngu, Ki-li-ma-nja-ro. Mashine inayofuata kanuni za Kiingereza itatenganisha n na j, na kutuletea "Kiliman-" mwisho wa mstari na "jaro" mwanzo wa mwingine. Msomaji ataelewa, lakini atakwama kidogo, na mwanafunzi anayejifunza silabi atakuwa amefundishwa vibaya na kamusi yenyewe. Maneno ya mkopo yana silabi funge zinazoruhusu mkato mwingine, kama lab-da na daf-ta-ri. Isitoshe, m inayosimama peke yake katika m-tu na m-li-ma, ijapokuwa ni silabi kamili, haipendezi kuachwa pweke mwisho wa mstari.

Ili kivinjari kikate maneno kwa kanuni za Kiswahili, mambo mawili yanahitajika: ukurasa utangaze kwamba lugha yake ni Kiswahili, kwa msimbo "sw", na kivinjari chenyewe kiwe na kanuni hizo. Si vyote vinazo. Pasipokuwa na kanuni, ni heri neno lihamie zima kwenye mstari unaofuata kuliko kukatwa ovyo. Kibaya kuliko vyote ni ule mpangilio unaoruhusu neno kukatwa popote, kwa kuwa unaweza kutuachia "umelipw" juu na "a" peke yake chini. Kutangaza lugha kuna faida nyingine: programu inayowasomea wasioona maandishi ya skrini hutumia tangazo hilo kuchagua sauti. Pasipo tangazo, "kihamba" huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza.

Kamusi ina tatizo lake la pekee. Ingizo la nomino hubeba ngeli katika mabano, kwa mfano "kihamba [ki-/vi-]". Alama ya mkwaju na kistari ni mahali ambapo vivinjari hujiona vina ruhusa ya kuvunja mstari, hivyo "vi-]" huweza kuangukia mstari wa chini kama neno geni. Vivyo hivyo safu ya wingi, inayokaa vizuri kwenye kompyuta, mara nyingi ndiyo ya kwanza kufichwa nafasi inapopungua, kwa sababu msanifu aliyezoea lugha nyingine huiona kama nyongeza. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili ngeli si nyongeza. Anayejua "mfongo" bila kujua "mifongo" hawezi kutunga sentensi ya pili. Kati ya kasoro zote za mwonekano zinazoweza kuikumba kamusi ya Kiswahili kwenye simu, hii ndiyo tungeiweka ya kwanza katika orodha ya matengenezo.

Mkaguzi asisahau pia kukuza maandishi. Wazee wengi hutumia simu zenye maandishi yaliyokuzwa, na mpangilio uliokaa sawa kwa ukubwa wa kawaida huweza kuvurugika pale. Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa tovuti, katika toleo lake la 2.1 la mwaka 2018, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza chochote, na unataka ukurasa wa kawaida usomeke katika upana wa pikseli 320 za CSS bila kumlazimisha msomaji kuusogeza kushoto na kulia. Kipimo hicho cha pili hakihitaji chombo: ukurasa ukiyumba pembeni unapousogeza kwa kidole, umeshindwa.

Bofya, gusa, na majina ya vitendo

"Kubofya", kabla ya kompyuta, kulikuwa kubonyeza kwa vidole ili kujua ulaini wa kitu, kama mnunuzi wa parachichi afanyavyo sokoni. Neno likahamia kwenye kipanya, likakaa. Kwenye skrini ya simu hakuna kinachobonyea, na "gusa" ni sahihi zaidi. Lakini "bofya" limeshazoeleka, na mwenye kuliandika hajakosea. Jambo la maana ni kutotumia yote mawili katika taarifa moja kana kwamba ni matendo mawili. "Gusa na ushikilie", "telezesha", "sogeza juu" na "kuza kwa vidole viwili" yanaeleweka bila maelezo. Simu iliyosimama iko "wima", iliyolazwa ni "mlalo", na kila ukurasa ujaribiwe katika hali zote mbili. "Kivinjari" kimetokana na "vinjari", kuzungukazunguka ukilinda, kama chombo kinavyovinjari pwani. Taja kivinjari ulichotumia, kwani kasoro inayoonekana katika kimoja tu huenda si ya tovuti.

Kuandika taarifa

"Tovuti inasumbua" si taarifa. "Haifunguki" inakaribia kuwa taarifa, na hapa Kiswahili kinampa mkaguzi vifaa vya kumsaidia. "Haifunguki" inasema kwamba ndivyo ilivyo kila mara. "Haikufunguka" inasema kwamba nilijaribu, ikashindikana, na jaribio hilo limekwisha. "Haijafunguka" inasema kwamba ninasubiri bado, na huenda ikafunguka. Mtu aliyeko juu Marangu, mtandao ukiwa dhaifu, akiandika "haifunguki" atampeleka mrekebishaji kutafuta hitilafu isiyokuwepo, ilhali "haijafunguka" ingemfanya aulize kwanza kuhusu mtandao. Vivyo hivyo "neno limekatwa" linaashiria kwamba kuna agizo lililolikata, kama zile nukta tatu za mwishoni, na "neno limekatika" linaeleza hali tu, bila kudai linajua chanzo. Mkaguzi asiyejua chanzo atumie la pili.

Saa nazo ziandikwe kwa uangalifu. Mkaguzi wa Moshi anayesema aliona kasoro saa 3 usiku anamaanisha kile ambacho simu yake huandika 21:00. Kumbukumbu za seva, zikifuata saa ya kimataifa, zitakuwa zimeandika 18:00, kwa kuwa Tanzania iko mbele kwa saa tatu. Tukio moja lina tarakimu tatu. Njia salama ni kuandika saa kama simu inavyoionyesha, kwa tarakimu nne, na kuongeza maneno "saa za Tanzania".

Taarifa iliyokamilika basi inaweza kusomeka hivi: "Ukurasa wa kutafutia, simu ikiwa wima, maandishi ya ukubwa wa kawaida, 21:00 saa za Tanzania. Niligusa kisanduku, nikaandika ng'oa kwa ritifaa iliyonyooka, nikagusa Tafuta. Nilitarajia ingizo la ng'oa. Lilionekana ingizo la ngoa peke yake. Nimerudia mara tatu, na mara zote tatu imekuwa hivyo. Kwa ritifaa iliyopinda, ingizo sahihi linaonekana. Picha ya skrini imeambatishwa." Hakuna neno la kitaalamu hata moja humo, na mrekebishaji hana swali la kuuliza. Sentensi inayomsaidia kuliko zote ni ile ya mwisho kabla ya picha, kwa sababu inamwonyesha kwamba ingizo lenyewe ni zima, na kwamba cha kurekebishwa ni namna tovuti inavyozilinganisha ritifaa.